Bawabu na Vikombe Mia Tatu

Editruda Kihwele alikuwa na siri, na ubaya wa siri hiyo ni kwamba ilikuwa na sauti. Siri za watu wengine hukaa kimya kwenye mkoba au kwenye simu. Ya kwake ilisema fyuuu! kila baada ya sekunde kumi, kwa hiyo ilimbidi afunge mlango wa chumba cha kuonjea, awashe feni zote mbili na kumwambia kila mtu kiwandani kwamba anaandika ripoti na asisumbuliwe.

Mwonjaji wa chai hanywi chai. Hilo watu wa nje hawalijui. Huchota kijiko, huivuta kwa nguvu pamoja na hewa mpaka itawanyike kinywani na harufu ipande nyuma ya pua, kisha huitema kwenye ndoo na kuhamia kikombe kinachofuata. Vikombe mia tatu kabla ya saa sita mchana, na hakuna hata tone linaloshuka tumboni. Huko Mufindi mitambo ilikuwa imeshachukua kazi ya kuchuma, ya kukausha na ya kufungasha, lakini ulikuwa haujapatikana mtambo wa kukuambia kwamba chai hii ilinyeshewa jioni, au kwamba ile imelala sana, yaani imekaa kupita muda wake, na imekuwa butu. Editruda alikuambia hayo yote akiwa amefumba macho, na akiwa na uhakika wake alikuambia hata kilima ilikotoka.

Wiki kumi na moja zilizopita madaktari walikuwa wamepita kwenye pua hiyohiyo. Chini ya ubongo, kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo kama harage inayozituma tezi nyingine kazi, uliota uvimbe. Kwa miaka sita uvimbe ulimmwagia homoni ya kukua, mtu mzima wa miaka arobaini na saba. Viatu vikatoka namba thelathini na tisa hadi arobaini na tatu, na pete ya ndoa ikakataa kidole ikahamia kwenye mkufu shingoni. Walipoutoa, mikono ilinywea na pete ikarudi mahali pake. Mwezi wa kwanza ilizunguka kidoleni kwa raha zake, na mumewe Desideri alimtania kwamba ameoa mara mbili kwa pete moja.

Tundu walilopitia madaktari lilizibwa kwa kiraka cha mafuta yaliyotolewa pajani mwake. Kiraka kikifumuka, maji yanayouzunguka ubongo hutiririka puani, na hapo mgonjwa ana shida kubwa. Ndiyo maana alipewa masharti: usipige chafya ukiwa umefumba mdomo, usiiname, usinywe kwa mrija. La mwisho Daktari Luvanda alilisoma mara mbili huku akimtazama usoni: usivute chai kwa miezi sita. Editruda akatia saini kwa mkono mwepesi, maana wakati huo hakuwa anasikia harufu ya chochote na alidhani kazi imeshakufa.

Kisha, wiki ya tano, siku ile ya mvua ya mawe, alikuwa akipita ukumbini kiwandani na harufu ikamrudia. Ilikuja yote kwa pamoja: majani mabichi yaliyopondwa na barafu, grisi ya mashine, na sabuni ya mtu aliyekuwa amepita mbele yake. Alisimama pale akalia kwa furaha mpaka watu wakadhani amefiwa. Halafu akaingia chumba cha kuonjea, akafunga mlango, na tangu siku hiyo hakuacha.

Kila jioni aliinamisha kichwa kidogo juu ya sinki kuona kama kuna maji ya chumvi yanayodondoka. Hayakuwepo. Kiraka cha paja la Mhehe, alijisifu, hakifumuki ovyo. Kweli alikuwa anakwenda haja ndogo mara nyingi, na kweli siku mbili tatu hizi pete ilikuwa haizunguki vizuri, lakini nani anaosha vikombe mia tatu kwa maji ya moto asivimbe vidole?

*

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki. Kwenye benchi alimkuta Mzee Mapunda, mwalimu wa kwaya mstaafu kutoka Songea, ambaye alifanyiwa upasuaji kama wake miaka miwili nyuma. Mapunda ni Mngoni na Editruda ni Mhehe, kwa hiyo tangu siku ya kwanza walipokutana kliniki walikuwa wakitaniana bila huruma, kama walivyoachiwa na babu zao waliochoka kupigana. Leo mzee alikuwa amepakata dumu la lita tano.

"Kamwene, mtani," alisema Mapunda.

"Kamwene. Dumu la nini? Unahamia jangwani?"

"Nauhamisha mto wenu, Ruaha. Babu zangu walishindwa kuuteka kwa mikuki, mimi naumaliza kwa kikombe."

Editruda alicheka, kisha akaona kwamba midomo ya mzee imekauka na kupasuka.

"Alhamisi wananirudia," Mapunda alisema, sasa bila utani. "Bawabu wangu anasema uvimbe umerudi. Daktari kanieleza bila kunificha: njia ya pili inapita kwenye kovu, na jirani yake kuna mishipa ya macho. Nimemwambia sawa. Lakini nikiamka sioni, mtani, nani atanisomea nota?"



Bawabu lilikuwa jina la wagonjwa wenyewe. Kwa hospitali, kifaa hicho kilikuwa na jina refu lisilokumbukwa na mtu. Wengi wanaotolewa uvimbe huo hupoteza pia homoni inayoziambia figo zishike maji. Bila hiyo mtu hukojoa kama bomba lililopasuka, na kiu haimwishi. Zamani walipewa dawa ya kupuliza puani, asubuhi, mchana na jioni, na waliowahi kuitumia walisema kila kitu duniani kilinukia plastiki. Siku hizi kwenye kishimo cha mfupa inamokaa tezi huwekwa kifaa kidogo kama punje ya ulezi. Bawabu hukaa akisikiliza kinywa na damu. Akihisi maji ulimini, huanza kulegeza lango la figo hata kabla maji hayajafika tumboni, kama mwili wenyewe unavyofanya. Akiona hesabu ya maji au ya homoni imeharibika, hupiga kengele kwamba huenda uvimbe umerudi. Na kila Jumamosi mabawabu wote thelathini na mmoja wa hospitali ile huambizana walichojifunza, ili ujanja wa mmoja uwe ujanja wa wote.

Mapunda alifungua chupa yake ya chai, akajimiminia, akanywa mafunda matatu. Hakumaliza la nne. Alimkabidhi Editruda kikombe akakimbilia chooni, dumu mkononi.

"Unaona?" alisema aliporudi. "Na cha ajabu, maji baridi hayanisumbui. Togwa hainisumbui. Chai ya moto tu ndiyo inanifukuza kama mbwa. Na mimi bila chai si mtu."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa Editruda. "Tangu lini?"

"Jumamosi ile iliyofuata mvua ya mawe."

Editruda akahesabu: ni wiki ileile aliyoanza kuonja. Kabla hajauliza zaidi, jina lake likaitwa.

Daktari Luvanda alikuwa na umri wa mtoto wa dada yake Editruda, na alikuwa na tabia ya kukwaruza ndevu zisizokuwepo akiwa na wasiwasi. Leo alizikwaruza sana. "Mama, na wewe Bawabu wako anapiga kengele. Wewe, Mzee Mapunda, na wengine wawili. Nimerudia picha. Picha haisaidii, kovu na uvimbe mchanga vinafanana kama majani mawili ya chai yaliyolowa. Kwa hiyo tunamsikiliza Bawabu." Akageuza kioo cha kompyuta. "Anasema kinywa chako kinapokea lita tatu za kitu cha moto kabla ya saa sita mchana. Unakunywa nini kiasi hicho?"

"Chai, mwanangu," Editruda alisema. "Si unajua kiwandani kwetu."

Kila neno lilikuwa la kweli, na jibu lote lilikuwa uongo.

*

Aliuelewa mkasa wote kabla hajafika mlangoni. Waliomuunda Bawabu walikuwa watu werevu, lakini hakuna kati yao aliyewahi kumwona mtu mzima anayetia kinywani vikombe mia tatu na asimeze hata kimoja. Walimfundisha kunywa. Hawakumfundisha kutema. Kwa hiyo kila asubuhi Bawabu wa Editruda alihisi gharika ya chai inakuja, akalifungua lango wazi, na gharika haikufika. Damu ikakauka, kiu ikapanda, naye akahitimisha kwamba kuna kitu kinaota na kuharibu mambo. Jumamosi akawasimulia wenzake: jamani, chai ya moto ikigusa ulimi, fungueni lango lote. Nao wakamwamini, maana hawajui kwamba mwenzao anaishi na mwongo. Wapenzi wa chai kama Mapunda wakakauka mpaka kengele zao zikalia.

Mapunda alikuwa bado kwenye benchi. Editruda aliketi karibu naye, akavuta pumzi.

"Mtani, uvimbe wako haujarudi. Ni mimi. Ninaonja chai kwa siri, natema, na Bawabu wangu amemdanganya wako. Mimi ndiye ninayekukojoza."

Mapunda akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka wagonjwa wa mstari wa pili wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini.

"Wahehe nyie!" alisema akifuta machozi. "Mimi nitapata wapi mtani kama wewe? Umenipa nguvu ya Alhamisi, wallahi."

Ndiyo hasara ya kutaniana kila mnapokutana. Ukisema kweli, huna mtu wa kuiamini.

Usiku huo Editruda hakula vizuri. Sheria ya mabawabu ilikuwa fupi: anayemdanganya wake, huzimiwa, na hurudi kwenye dawa ya kupuliza puani. Kwa mtu mwingine hiyo ni kero. Kwa Editruda ilikuwa mwisho wa kuonja chai, na alichokuwa amekipata ukumbini siku ya mvua ya mawe kingemtoka tena, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Alitafuta njia ya pembeni. Angeweza kuacha kuonja kimyakimya, na mabawabu wangesahau polepole, lakini huambizana Jumamosi, na Mapunda anapasuliwa Alhamisi. Angeweza kuandika barua isiyo na jina, lakini daktari gani ataahirisha upasuaji kwa barua isiyo na jina? Desideri alimsikiliza kwa simu kutoka Makambako mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu, kwamba mficha uchi hazai. Editruda akamjibu kwamba wao wameshazaa watatu, wanatosha. Lakini alipokata simu alikuwa ameshaamua.

*

Asubuhi ya Jumatano aliingia ofisini kwa Daktari Luvanda na sanduku la vikombe arobaini, birika, ndoo na kijiko chake cha fedha.

"Mama, leo si siku yako."

"Leo ndiyo siku yangu. Niunganishe na kioo chako, halafu uwe mvumilivu."

Alipanga vikombe mezani juu ya mafaili ya watu. Akamimina, akangoja dakika sita kwa saa ya ukutani. Kisha akachota, akavuta, fyuuu!, akatema. Akachota, akavuta, akatema. Daktari aliruka kitini kwenye mvuto wa kwanza, mkono ukielekea puani kwa mgonjwa wake kana kwamba angekizuia kiraka kwa kidole. Kwenye mvuto wa tano aliacha kumtazama Editruda akaanza kutazama kioo. Kwenye wa ishirini lango lilikuwa wazi lote, na kengele ya kurudi kwa uvimbe ikalia kwa sauti nyembamba ya kitoto.

Editruda akaonyesha ndoo. "Chai yote iko humo. Pima."

Luvanda alipima. Alipima kweli, kwa bomba la sindano, kama mtu asiyeamini. Kisha akainua simu akaahirisha upasuaji wa Mzee Mapunda, na alipoiweka chini akaanza kucheka, akaacha, akajaribu kukasirika, akashindwa. "Kiraka?"

"Kikavu."

Alimwinamisha, akamwangalia puani kwa taa, akangoja. "Kimeshika," alikiri. "Lakini si kwa sababu ulinitii, mama. Na hili mimi siwezi kulifunika. Litakwenda kwenye baraza la wenye mabawabu."

"Ndiyo maana nimekuja na ndoo," alisema Editruda. Chai ya kikombe cha ishirini ilikuwa nzuri mno, changamfu, ya kilima cha mashariki, na huenda ilikuwa ya mwisho.

*

Kwa kuwa mabawabu walikutana kila Jumamosi, wenye mabawabu nao walikutana, kwenye ukumbi wa hospitali. Ilikuwa haki: kosa la mmoja linapita kwenye vichwa vya wote, basi wote ndio waamuzi. Siku hiyo walijaa. Editruda alisimama mbele akaeleza kila kitu, tangu mvua ya mawe hadi ndoo, bila kuomba msamaha mapema. Alipofika kwenye kutema, mama mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Yaani wiki sita nimekojoa kwa niaba ya mtu mwingine," na ukumbi ukacheka, naye akacheka huku aibu ikimchoma.

Mzee Mapunda akanyanyuka. Watu wakamgeukia, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu kupasuliwa.

"Huyu aliniambia Jumanne," alisema. "Aliniambia kweli tupu, nami nikadhani ni utani. Kwa hiyo kosa la kutokuamini ni langu. Lakini la kunikausha wiki sita ni lake, na mtani akikosa halipi kwa sheria ya hospitali, analipa kwa sheria ya utani. Mnaniruhusu nitoze faini?"

Mikono ikainuka. Editruda alihesabu, na ilikuwa thelathini.

"Faini ya kwanza. Bawabu asizimwe. Afundishwe kutema. Daktari amtie nyaya huyu mama, aonje mbele ya mabawabu wote, vikombe ishirini kwa siku na si zaidi mpaka miezi sita ipite, ili siku nyingine mwonjaji yeyote akipata uvimbe asije akatukojoza tena. Faini ya pili." Akachomoa chupa ya chai kutoka kwenye mfuko. "Nimemuuliza, anasema tangu aanze kazi hajawahi kumeza kikombe kizima cha chai. Miaka ishirini na mbili. Anatutengenezea chai nchi nzima na yeye anatutemea. Leo atameza, hapa, mbele ya watu."

Wakati ukumbi ukipiga makofi, Daktari Luvanda alimgusa bega Editruda akamvuta pembeni, karibu na kompyuta.

"Mafunzo ya uongo yameshafutwa leo asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Kengele tatu zimenyamaza. Ya Mzee Mapunda, na za wale wawili." Alikwaruza kidevu. "Ya kwako bado inalia, mama. Si kwa maji sasa. Ni homoni ya kukua, inapanda kidogo kidogo. Ilikuwepo muda wote, ila kelele za chai ziliifunika."

Editruda alishika pete akajaribu kuizungusha. Haikuzunguka. Tangu Jumatano hakuwa ameosha kikombe hata kimoja, na bado haikuzunguka. Hofu ilimpitia yote, kutoka utosini mpaka kwenye viatu vyake vya namba arobaini na tatu.

"Mtanipitia puani tena?"

"Hapana. Ungenyamaza mpaka mwakani, ndiyo. Sasa hivi ni kama punje. Tutaipiga mionzi kutoka nje, asubuhi tatu, na pua hatuigusi. Kisha tutaiangalia kila mwezi, maana huu ni ugonjwa wa kurudirudi, sikufichi."

"Na harufu?"

"Harufu ni yako."

Angeweza kulikalia hilo peke yake. Lilikuwa lake, halikuwa linamkojoza mtu. Lakini alikuwa amechoka na siri, hata zile zisizo na sauti. Akarudi mbele akawaambia: uvimbe wake umerudi kweli, ni mdogo, na kama asingekuja na ndoo asingeujua. Mama wa nyuma akasema pole, safari hii kwa upole, na wengine wakaitikia.

Mzee Mapunda alikuwa bado amesimama na kikombe mkononi, mvuke ukipungua. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini alikuwa Mngoni, na mtani wake alikuwa amesimama mbele ya watu.

"Pole tumekupa," alisema. "Chai inapoa."

Editruda alikipokea. Kwa mazoea alitaka kuvuta, akajizuia, akanusa kwanza: chai ya kilima chao, iliyochumwa kabla ya jua, imechemshwa vibaya na Mngoni asiyejua muda. Akaweka mdomo. Ilimjaa kinywani, na kila kitu ndani yake kikamtafutia ndoo.

"Meza, mtani," alisema Mapunda.

Akameza. Ilishuka ikiwa ya moto moja kwa moja mpaka tumboni, mahali ambapo katika miaka ishirini na mbili haikuwahi kufika, na kwenye kioo Bawabu wake akalegeza lango kidogo, kiasi cha kikombe kimoja.

"Imelala sana," Editruda alisema, akanyoosha kikombe aongezwe.